Kabla hujauliza Cat6 au Cat7, uliza ndani kuna shaba au alumini

Siku hizi kila mwenye nyumba anayefika hatua ya kuchimbia mabomba ya umeme ukutani ananiuliza swali moja, "fundi nichukue Cat ngapi?", yaani waya wa neti wa daraja lipi, na ni swali zuri sana maana zamani hakuna aliyekuwa anauliza, waya wa neti ulikuwa unakumbukwa watu wameshahamia, rangi imeshapigwa, ndo mtu anaanza kuhangaika kuupitisha juu ya dari. Sasa hivi watu wanajua mapema kwamba TV inataka neti, kamera zinataka neti, na hata ile Wi-Fi ya kubandika darini inataka waya wake. Tatizo ni kwamba swali linakuja na namba tu. Cat5e, Cat6, Cat6A, Cat7, Cat8, mtu akiona namba zinapanda anaamini iliyo kubwa ndo bora, na muuzaji naye anajua hivyo, kwa hiyo ukizunguka Kariakoo hukosi boksi lenye namba kubwa kwa herufi za kung'aa na ndani yake mna alumini.

Mimi kazi yangu ni kuvuta hizi waya, nyumba za watu, ofisi ndogondogo, hoteli za huku pwani. Na nnachosema kwa kila mteja ni hiki: shaba kwanza, namba baadaye. Cat5e ya shaba tupu ni waya bora kuliko "Cat7" ya alumini, na ntaeleza kwa nini maana sitaki mtu aniamini kwa mdomo tu halafu aende atoe hela yake.

Tuanze na hizo namba maana nazo zina kazi yake. Ukichuna ganda la nje utakuta nyuzi nane, zimesokotwa mbilimbili, peya nne: ya chungwa, ya kijani, ya bluu na ya kahawia. Kusokota sio mambo ya juzi, Alexander Graham Bell alichukua hataza ya kusokota waya mwaka 1881 kwa ajili ya simu, na sababu yake mpaka leo ni ileile, nyuzi mbili zikisokotwa pamoja kelele inayotoka nje inazipata zote sawasawa, na kifaa cha upande wa pili kinaangalia tofauti kati ya hizo mbili tu, kwa hiyo kelele inafutika yenyewe. Kinachobaki ni peya kusikizana zenyewe kwa zenyewe, kama wapangaji waliotenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Kadri mawimbi yanavyopanda ndo kusikizana kunazidi. Sasa ile namba ya Cat kimsingi inakwambia waya umepimwa mpaka mawimbi ya ngapi ukiwa bado unasikilizika: Cat5e megahezi 100, Cat6 megahezi 250, Cat6A megahezi 500. Ndo maana Cat6 imesokotwa kwa kubana zaidi, na nyingi zina ule msalaba wa plastiki katikati unaoziweka peya mbalimbali.

Kwenye kasi sasa. Cat5e inabeba giga moja, yaani mega 1000, kwa mita 100. Mita 100 hizo ni pamoja na zile kamba fupi za mwisho, kawaida 90 za ukutani na 10 za pembeni. Cat6 iliyotoka 2002 inabeba giga moja kwa mita 100, na inaweza kufika giga 10 kama umbali hauzidi mita 55 na mazingira ni mazuri. Cat6A ya 2008 inabeba giga 10 mita 100 zote. Halafu 2016 likaja jambo ambalo wauzaji hawalitangazi kabisa kwa sababu haliwauzii waya mpya: IEEE, chama cha wahandisi kinachoandika viwango vya neti, walitoa kiwango cha 802.3bz, kinachopitisha giga 2.5 kwenye Cat5e na giga 5 kwenye Cat6 kwa mita 100 zilezile, na walikifanya makusudi kwa sababu majengo mengi duniani yameshawekwa hizo waya na hakuna mtu anataka kubomoa kuta. Kwa hiyo kama una nyumba ya Cat5e ya shaba iliyofungwa vizuri usikubali mtu akwambie imepitwa na wakati, iache.

Sasa linganisha na kifurushi chako. Wengi wetu nyumbani tuko na faiba ya mega 20, mega 50, aliyejiweza mega 100 au 200. Waya unaobeba 1000 umeshakuzidi mara kadhaa. Ukiweka Cat8 kutoka kwenye ruta mpaka kwenye TV, intaneti yako haitaongezeka hata mega moja, kinachokuja ni kilekile unacholipia kwa mwezi.

Na hiyo Cat7 na Cat8 tuzimalize haraka. Cat7 ilitoka kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 11801, TIA, wanaoandika viwango vya waya Marekani, hawakuitambua, na kichwa chake halisi sio RJ45, kile tulichozoea kuchomeka kwenye ruta, bali GG45 au TERA, vichwa ambavyo hapa Dar hata kuvitafuta utachoka. Kwa hiyo ile kamba bapa iliyoandikwa Cat7 ikiwa na kichwa cha kawaida cha RJ45 tayari sio Cat7 kamili hata kabla hujaichana. Cat8 ni ya kweli, ilitoka 2016, megahezi 2000, giga 25 mpaka 40, lakini mwisho wake ni mita 30, ilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vya seva, makabati yanayotazamana. Kwenye nyumba ya kuishi haina kazi.

Haya, shaba. Waya za alumini iliyopakwa shaba zinaitwa CCA, na zipo kila kona. Kwa juu ukiangalia ncha unaona rangi ileile ya kopa, ndani ni alumini. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 61 ya shaba, kwa hiyo hata ukiongeza ule mpako wa juu, waya wa unene uleule unakuwa na ukinzani mkubwa zaidi kwa nusu na zaidi ya nusu. Viwango vya TIA na ISO vyote vinataka shaba kwenye hizi waya, hakuna Cat5e wala Cat6 ya alumini, mtu akiandika "Cat6 CCA" kwenye boksi hayo ni maneno mawili yasiyokaa pamoja. Kuna muuzaji aliwahi kunijibu kwamba mawimbi makubwa yanapita juu ya ngozi ya waya tu na ngozi ni shaba, kwa hiyo ndani hakuna shida. Ana nusu ya ukweli na hiyo nusu ndo inayodanganya watu. Mawimbi makubwa kweli yanakimbilia juu, lakini umeme wa PoE, yaani ule unaotumwa ndani ya waya huohuo wa neti kuwasha kamera na Wi-Fi, ni umeme wa moja kwa moja, huo unapita mwili mzima wa waya, na hapo alumini inakuonyesha rangi yake.

Nikupe mfano wa nyumba moja, ya mama mmoja ambaye kamera yake ya getini ilikuwa inafanya kazi mchana kutwa, ikifika saa moja na nusu usiku inazima, inawaka, inazima tena, mpaka asubuhi. Alikuwa ameshabadilishiwa kamera, akabadilishiwa na adapta, ameshaanza kuambiwa eti kuna mtu anaichezea. Nikamwambia mama, kabla hatujanunua kitu kingine ngoja tusubiri giza liingie. Kamera ilikuwa inapelekewa volti 12 kupitia waya wa neti, peya ya bluu chanya, peya ya kahawia hasi, mita kama 40 kutoka ndani. Mchana pale kwenye kamera maltimita ilisoma 10.7, inatosha kuishi. Jua lilipozama zile taa nyekundu za kuonea usiku zikajiwasha, kamera ikavuta umeme mara mbili na ushee, na palepale volti zikashuka mpaka 9 na kidogo, kamera ikafa, taa zikazima, volti zikapanda, ikawaka, ikatafuta giza, ikawasha taa tena. Nikakata ncha ya waya nikakwangua kwa wembe, nyeupe. Ganda la nje limeandikwa Cat6.

Nilifanya vitu viwili. Nilivuta waya wa shaba tupu, na nikaondoa ule mfumo wa volti 12 nikaweka swichi ya PoE ya kweli inayotuma volti 48, kwa sababu wati zilezile ukizituma kwa volti 48 mkondo unakuwa robo, na upotevu wa njiani unapungua mara 16. Sitadanganya kwamba alumini peke yake ndo iliharibu, volti 12 kwa mita 40 ilikuwa inajitafutia matatizo hata kwenye shaba. Lakini kwenye shaba ingebaki juu ya volti 10 na kamera ingelala macho, na yule mama asingenunua kamera ya pili.

Na hiyo ni kamera ndogo. PoE ya kwanza ya 2003 ilikuwa wati 15.4, ya 2009 ikawa 30, ya 2018 inafika 90 kutoka kwenye swichi. Fikiria waya 20 au 30 zimefungwa pamoja kwenye trankingi moja, juu ya dari ya bati, mwezi wa pili Dar es Salaam, zote zinapitisha umeme huo, na ndani ni alumini inayochemka zaidi ya ilivyotakiwa. Hapo mimi sizungumzii neti tena, nazungumzia usalama wa nyumba.

Alumini ina kero nyingine ndogo ambayo mafundi tunaijua kwa vidole. Inakatika. Ukiikunja kunja mara chache pale kwenye soketi inavunjika ndani ya plastiki bila kuonekana, na pale kisu cha kichwa kinapochana ule mpako, alumini inakutana na hewa inaota kutu yake nyeupe, baada ya muda laini inaanza kukatakata. Huku pwani hewa ina chumvi na unyevu, haichukui muda mrefu.

Utajuaje sasa? Kukwangua ndo njia ya kwanza, wembe au kisu, kwangua uzi mmoja taratibu, shaba ni nyekundu mpaka ndani, alumini inatoka nyeupe. Muuzaji mzuri hakatai, na akikataa kwa kweli kaka mshukuru uende duka la pili. Njia ya pili ni mzani, na hii naipenda kwa sababu hailaghaiki. Boksi la mita 305 la Cat5e yenye unene wa 24AWG (AWG ni kipimo cha unene wa uzi, namba ikiwa ndogo uzi ni mnene zaidi) lina shaba kama kilo nne na nusu peke yake, bila plastiki na kadi, Cat6 ya 23AWG inafika kilo tano na nusu hivi. Ikiwa ni alumini iliyopakwa, hicho kiini hakifiki hata nusu ya hapo. Yaani boksi likiwa jepesi mpaka unalibeba kwa vidole viwili, kuna jambo. Njia ya tatu ni ya waya ulioshavutwa: chukua laini unayojua urefu, tuseme mita 50, upande wa mbali chuna nyuzi mbili za peya moja uziunganishe, upande wa kwako pima ukinzani. Shaba ya 24AWG itasoma omu 8 na nusu hivi, ya 23AWG kama 7. Ukisoma 10 na nusu au zaidi, hiyo ni alumini au ni waya mwembamba kuliko walivyoandika, na vyote viwili ni wizi.

Kile kitesta cha taa ambacho kila fundi anacho, cha kuwaka moja mpaka nane, hakitakwambia lolote kati ya haya. Kinajua tu kwamba uzi umefika. Alumini itawaka zote nane. Na kuna kosa lingine kitapitisha, fundi anapanga rangi kwa mpangilio wake mwenyewe, chungwa zote, kijani zote, bluu zote, kahawia zote, pande zote mbili sawa, taa zinawaka kwa raha, anaondoka. Lakini kwenye RJ45 peya ya pili inakaa kwenye pini 3 na 6, sio 3 na 4, kwa hiyo umetenganisha nyuzi zilizosokotwa pamoja na kuzioza na za jirani, ile faida yote ya Bell imekwenda. Laini fupi itajikokota, laini ndefu itakuwa inakatakata. Fuata mpangilio wa rangi wa T568B kama ulivyo, nyeupe chungwa, chungwa, nyeupe kijani, bluu, nyeupe bluu, kijani, nyeupe kahawia, kahawia, na usifumue msokoto zaidi ya milimita 13 kabla ya kichwa. Waya wa Cat6 wa bei nzuri ukifumuliwa sentimita tano ndani ya soketi unakuwa haustahili tena jina lake.

Na ukiona kompyuta inasema imeunganishwa kwa 100 badala ya 1000, mara nyingi peya ya bluu au ya kahawia imekatika, au mtu amegawa waya mmoja kuwa laini mbili ili abane matumizi, nyuzi nne huku nne kule. Mega 100 inahitaji peya mbili, giga inahitaji zote nne.

Kuhusu zile za kufunikwa na foili, FTP na STP, nyumbani sishauri. Foili inataka kufungwa ardhini ipasavyo, vichwa vya chuma, soketi za chuma, paneli yenye waya wa ethi, na nyumba nyingi nnazoingia ethi yenyewe ni nondo fupi iliyopigwa kwenye mchanga mkavu. Foili isiyo na ethi ni gharama bila kazi. Chukua UTP, ile isiyo na foili, itenge na waya za umeme, isilale nazo kwenye bomba moja, na pale lazima zipishane ipitishe zikatane msalaba. Foili niwekee kwenye kiwanda, kwenye mashine kubwa, ambako kuna mtu wa umeme anayejua kazi yake.

Nje ya nyumba ni habari nyingine. Ule waya wa kijivu au wa bluu wa ndani ukiuanika kwenye jua la huku ganda linapauka, linapasuka, mvua za masika zinaingia. Kuna waya mweusi wa nje wenye ganda la polithini, ndo wa kwenda getini, bado ndani iwe shaba. Na kama ni kutoka nyumba moja kwenda nyingine, kwa mfano nyumba kubwa na ya wageni, usiweke shaba kabisa, weka faiba, kwa sababu radi ikipiga karibu inatembea kwenye shaba na kuondoka na ruta, swichi, na TV za pande zote mbili. Faiba ni kioo, haipitishi umeme, na bei yake imeshuka sana.

Kwa hiyo nikijenga leo ningeweka nini? Cat6 UTP ya shaba tupu, 23AWG, uzi mzima sio wa nyuzinyuzi, nyumba nzima. Laini mbili kila penye TV, moja katikati ya dari kila sakafu kwa ajili ya Wi-Fi, moja kila kona ya kamera, zote zikutane sehemu moja yenye hewa. Tofauti ya bei kati ya Cat5e na Cat6 za shaba sio kubwa ukilinganisha na gharama ya kuchimba ukuta mara ya pili, ndo maana kwenye jengo jipya naruka 5e. Lakini hela ikibana, yaani uchaguzi umebaki Cat5e ya shaba au Cat6 ya alumini, chukua 5e ulale usingizi. Cat6A naiweka kwenye hospitali, hoteli, ofisi kubwa, sehemu ambazo kuta hazitafunguliwa miaka mingi na zile Wi-Fi kubwa zinataka giga na umeme mwingi kwa wakati mmoja. Ujue tu ni nene, inafika milimita 7 na 8, haikunjiki ovyo, bomba la milimita 20 linajaa mapema, kwa hiyo fundi umeme ajulishwe kabla hajachimba.

Kwenye risiti mwambie muuzaji aandike "shaba tupu" na unene wake, sio Cat6 peke yake. Ikija kugundulika vinginevyo una pa kushika.

Na kama alumini imeshaingia ukutani, usibomoe kitu. Ziache laini fupi zinazokwenda kwenye TV na kompyuta, zikifanya kazi zifanye. Zile zinazobeba umeme wa PoE ndo uanze nazo, kamera na Wi-Fi. Kama fundi wako alipitisha kwenye bomba, ule waya mbovu utakusaidia kuvuta mpya: unganisha ncha kwa ncha kwa kupishanisha nyuzi, zungushia tepu iwe nyembamba na laini, paka sabuni kidogo, mmoja asukume huku mwingine anavuta taratibu. Usivute kwa hasira, alumini ikikatikia katikati ya bomba mtaanza kutafuta springi ya mafundi umeme na siku imeisha.